Kwa Dorothy Nyamvula, Uliyetuita Tukaguse Masikio

Mwaka umezunguka ukatimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, ulipoingiza mkono kwenye kizimba cha mnyama wako, Bwana Harusi, na usiutoe.

Ulikuwa umekwisha kufanya yote ya kila siku. Ulifungua dirisha la nyuma kabla jua halijahamia upande ule. Ulitoa kigae cha sakafu kwenye friza, ukakifuta, ukakilaza ndani ya kizimba apate pa kujilaza. Ulibadilisha chupa ya barafu na kuivisha soksi kuukuu ya Baba ili isimchome kwa baridi. Ulichungulia choo chake kwenye gazeti. Kulikuwa kumebaki kugusa masikio yake kwa mgongo wa mkono, kisha kuleta chai mezani.

Chai haikufika. Maji yalichemka mpaka yakaisha, sufuria ikaanza kuungua, na harufu hiyo ndiyo iliyonitoa chumbani. Nilikukuta umekaa sakafuni, umeegemea ukuta, mkono mmoja ungali ndani ya kizimba, na Bwana Harusi akivinusa vidole vyako.

Kwenye karatasi ya mazishi tuliandika kwamba uliondoka kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Kaka Gedion ndiye aliyeisoma kaburini kule kwenu Mazeras, na sauti yake ikakatika hapo hapo. Yeye hakusema uongo. Asubuhi ile alikuwa kazini Miritini, na aliandika alivyoambiwa na sisi wawili tuliokuwamo nyumbani, Baba na mimi. Watu walitikisa vichwa, wakasema afadhali, hakuteseka.

Uliita, Mama. Uliita mara mbili, na mimi nilisikia. Nimeshindwa kuandika kumbukumbu yako bila kuliweka hilo hapa. Nitalifikia. Kwanza niwaambie wasiokujua ulikuwa nani.

Ulikuwa mke wa Ruwa Tinga wa Shika Adabu, mama wa watoto wawili, na sauti ya pili kwenye kwaya ambayo mpaka leo wanasema haijapata wa kuijaza. Miaka kumi na mmoja ulifanya kazi ya nyumba kule Nyali, kwa watu waliokuja na kuondoka. Ulirudi jioni na kitu mkononi hata kiwe kidogo, limau mbili, gazeti la jana, kipande cha sabuni. Mtu akikuudhi ulimpakulia chakula kingi kuliko wengine, aone haya. Baba alikuwa akisema anajua siku alizokosea kwa kuangalia sahani.

Wale wa mwisho uliowafanyia kazi walikuwa na binti mdogo, na binti alikuwa na chinchila. Wengi wetu hatukuwahi kusikia jina hilo. Ni mnyama wa milima ya mbali yenye baridi, mkubwa kama sungura mdogo, mwenye manyoya mazito ya rangi ya jivu, masikio ya duara na mkia kama wa kindi. Walipohama hawakuweza kwenda naye, na binti alilia kwa kumfikiria mnyama wake. Ukasema, "Usilie, nitamchukua mimi." Kule alikuwa amezoea chumba chenye kiyoyozi. Wewe ukamleta Likoni, kwenye nyumba ya mabati.

Nilikuja kukusaidia kumbeba. Kwenye feri tulimweka katikati yetu, umekifunika kizimba chake kwa leso iliyolowa, na watu wakatuzunguka.

"Mama, samahani, huyo ni sungura au panya buku?" mwanamume mmoja aliuliza.

"Ni mgeni."

"Mgeni wa wapi?"

"Wa ng'ambo. Hajazoea joto. Hebu sogea kidogo baba, unamzibia upepo."

"Mimi nimezaliwa hapa hapa na joto sijalizoea, na hakuna anayenifunika leso."

"Mwambie mama yako," ukamjibu, na feri nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, natamani tufike.

Jina ulimpa wewe. "Mtu havui koti la manyoya, hashiki kazi, anangoja kuhudumiwa tu. Huyu si bwana harusi?" Mama Pascalia, jirani yetu, alilipokea jina hilo kwa mikono miwili. Kila asubuhi aliuliza juu ya ukuta, "Ema, mumeo ameamkaje? Amekula?" Nami nilikimbilia ndani uso ukiniwaka, na wewe ukamjibu kwa niaba yangu, "Amekula kuliko wako."

Wale watu walikupa karatasi nne za maelezo kwa Kiingereza. Uliniambia nizisome mara tatu, mimi nikitafsiri, wewe ukirudia. Baada ya hapo hukuzihitaji tena. Nilikuwa namalizia chuo wakati ule, masomo ya afya ya mifugo. Tulifundishwa ng'ombe, mbuzi, kuku, na mbwa kidogo. Kwa chinchila mwalimu wangu ulikuwa wewe.

"Huyu hatalia kama mbuzi, Ema. Huyu anaficha. Siku ukimwona ameumwa, ujue ameumwa siku nyingi."

Ulinionyesha masikio. Yakiwa mekundu na mishipa imejitokeza, joto limemzidi. Hatoki jasho, kwa hiyo feni haimfai kitu, inampulizia joto lile lile. Mlaze kwenye kigae, umpanguse masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, usimtumbukize kwenye barafu ukamuua kwa mshtuko. Ulinionyesha choo. Kikipungua, kikiwa kidogo na kikavu, tumbo linasimama, na akikaa toka asubuhi mpaka asubuhi bila kula, usingoje siku ya pili. Akijikunja kwenye kona na hataki kutazama mtu, mwulize tumbo. Dawa ya maumivu ya watu usimpe kamwe.

"Na meno yake sharti yawe ya manjano," ulisema. "Meupe ndiyo mabovu."

"Basi meno ya Baba ni mazima kabisa."

"Nimesikia," Baba akasema kutoka uani. Baba husikia kila kitu katika nyumba ile. Kuta zetu ni nyembamba.

Ulicheka, kisha ukanishika kidevu kwa vidole viwili kama mtoto. "Na hapa. Kidevu kikilowa usiseme amekunywa vibaya. Hayo si maji, ni mate. Ni meno ya ndani yanayomtesa. Umesikia?"

Nilisema nimesikia.

Tangu hapo ulituita. Ulituita kwa masikio yaliyopoa na kwa masikio yaliyopata joto. Ulituita aliposimama kwa miguu miwili, alipogaagaa kwenye bakuli la vumbi, alipokohoa, na ikaonekana hakukohoa. "Njooni mwone!" Katika nyumba yako mtu akiitwa aliitika, msichana abee, mwanamume naam, kisha akanyanyuka akaenda. Ulitulea hivyo, na Baba pia ulimlea hivyo, ingawa ulimkuta mkubwa.

"Naam, Mama Gedi," alikuwa akisema. "Lakini masikio ya jana na ya leo si yale yale?"

"Siyo. Njoo."

Naye akaja, akainama, akagusa kwa mgongo wa mkono kama ulivyomwelekeza, akasema, "Haya, ni masikio." Hilo lilikuchekesha kila mara.

Mwaka wa kwanza tulikuja wote. Mwaka wa pili Baba alikuwa akirudi kutoka zamu ya kulinda ghala Changamwe, miguu imemvimba, na akaanza kuitikia bila kunyanyuka. Mwaka wa tatu aliacha hata kuitikia. Mimi nilibaki nasema abee nikiwa nimekaa. Hukutukasirikia. Ulituita vile vile, kwa sauti ile ile, kama watu ambao watakuja.

Sasa hiyo Alhamisi. Nilikuwa mbele ya kioo nachana nywele, nimechelewa kwenda dukani Mtongwe ninakouza dawa za mifugo. Ukaita, "Njooni." Nikasema moyoni, masikio tena. Nikaendelea kuchana. Ukaita mara ya pili, chini zaidi, "Njooni jamani." Hukusema mwone. Katika miaka mitatu hukuwahi kutuita bila kusema mwone. Ilikuwa dalili iliyo wazi kuliko sikio jekundu, na dalili ndiyo kazi niliyosomea. Sikuitika hata abee. Nilikuwa natafuta kibanio cha nywele.

Daktari alimwambia Kaka Gedion kwamba moyo ulisimama, na kwamba pengine hakuna ambacho kingebadilika hata kama mtu angekuwa kando yako. Nimekaa na hiyo pengine mwaka mzima. Na hata iwe hakuna ambacho kingebadilika, usingekuwa peke yako.

Baba alisema alikuwa amelala. Sikumwuliza zaidi. Kama alikuwa amelala, basi aliyejua ni mimi peke yangu, na mimi kunyamaza naweza.

Siku ya pili ya matanga akina mama waliingia kusafisha nyumba yako. Mama Pascalia alilikuta bakuli la vumbi. Chinchila haogi maji, Mama, hilo unalijua. Huoga kwa vumbi laini, na manyoya yake yakilowa hayakauki upesi, huvunda. Lakini yeye aliona mnyama aliyejaa vumbi. "Maskini," akasema, "mnyama wa marehemu aachwe mchafu hivi, na sisi tupo?" Akalimwaga vumbi, akamtia Bwana Harusi kwenye beseni, akamwogesha kwa sabuni ya kufulia, akimwimbia wimbo wako wa kwaya. Alifanya kwa mapenzi matupu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikumkataza. Watu walikuwa wengi.

Nilimkausha mchana kutwa kwa leso yako, nikiyatenganisha manyoya kwa vidole. Wageni nao, kwa sababu alikuwa mgeni wako, walimpa kila walichokuwa wakila, mahamri, tende, ndizi. Kesho yake hakula. Choo kikapungua, kikakauka, na akajikunja kwenye kona. Nikamwuliza tumbo, kama ulivyosema. Nilisaga chakula chake, nikakikoroga kwa maji, nikamlisha pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, siku nne. Siku ya tano alitafuna mwenyewe jani kavu moja. Nilifurahi. Kisha nikaona haya kwamba nimefurahi wiki ya mazishi yako.

Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka asife. Yeye ndiye aliyekuwa na wewe. Kila saa kumi na mbili asubuhi alikwenda kwenye kona ile ulikokuwa ukiingizia mkono, akasimama kwa miguu miwili, akakwaruza waya. Mkono wangu aliunusa, akashuka.

Baba hakumkaribia. "Mtoeni huyo mnyama," alisema karibu kila wiki. "Nyumba inanuka."

Nyumba haikunuka. "Aende wapi, Baba?"

"Kokote."

Lakini soksi za kuvisha chupa zilipokwisha kuchakaa, nilikuta jozi mbili juu ya friza, zimekunjwa, mpya. Sikuuliza.

Tulivuka mvua za masika na baridi kidogo ya Julai. Desemba joto likarudi, na stima ikawa inapotea mchana. Nilijifunza kugandisha vigae vitatu badala ya kimoja. Nilimpima kila Jumamosi kwenye mizani ya dukani. Januari alianza kupungua, gramu kumi, kisha ishirini, kisha thelathini. Na kidevu chake kilikuwa na unyevu.

Nikasema chupa ya maji inavuja.

Niliibadilisha chupa. Nikabadilisha na mfuniko. Nikaifunga kwa uzi, nikaishusha, nikaipandisha. Wiki tatu nilipambana na chupa, Mama, na kidevu ulikuwa umenishika kwa vidole vyako mwenyewe. Nilipomwona anaokota chakula kwa mikono yake miwili, anakitia mdomoni na kukiacha kianguke, anakiokota tena, ndipo nilipokusikia.

Nilimpeleka Kisauni kwa Daktari Musyoka, ambaye hutibu ng'ombe wa maziwa na mbwa wa walinzi. Alimgeuza kwa upole, akambonyeza chini ya jicho, na Bwana Harusi akajikaza mwili mzima.

"Huyu ni wa kwanza kwangu, sitakudanganya," alisema. "Lakini meno ni meno. Mizizi imekua kwenda ndani mpaka karibu na macho. Yale ya mbele ningekata. Haya siwezi, na sijui wa kuweza hapa Mombasa."

"Kama ningemleta mapema?"

"Mapema namna gani?"

"Wiki tatu."

"Angepunguziwa maumivu wiki tatu mapema. Kufa angekufa."

Alisema anaweza kumlaza usingizi wa mwisho pale pale, asihisi kitu, au anipe dawa ya maumivu nirudi naye. Nilitaka kumwambia anipe nafasi nikamwulize mama. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikachukua dawa, nikarudi naye.

Nilimweleza Baba jioni. Nilingoja aseme atolewe.

"Kwa hiyo hakuna dawa," alisema.

"Ya kumponya hakuna."

"Anaumwa wapi?"

"Kinywani, Baba. Mpaka huku chini ya macho."

Aliusogeza ugali wake kando, hakuumaliza.

Jumamosi iliyopita, saa sita mchana, stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Vigae vyote vitatu vilikuwa vimepata joto. Nilimkuta amelala ubavu, kinywa wazi, anahema kwa haraka, masikio mekundu hata nikaona kila mshipa. Nilimpangusa kwa kitambaa. Nilimpepea ingawa najua kupepea hakumfai. Nikaita. Sikuyachagua maneno, yalitoka yenyewe.

"Baba! Njoo! Njoo uone!"

Alikuwa uani anashona kiatu. Nilisikia kiti kikianguka. Baba, ambaye magoti yake unayajua, alikuja mbio na kandambili moja mguuni. Alisimama mlangoni. Hakumtazama mnyama kwanza. Alitazama pale sakafuni, penye ukuta, ulipokuwa umekaa.

Kisha alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye kizimba, akageuza mgongo wa mkono, akagusa masikio. Hakuwa ameyagusa kwa miaka miwili, na hakusahau namna yake.

Tulikaa hivyo, sijui muda gani, mkono wake ndani, kitambaa changu kikidondosha maji.

"Yamepoa," akasema.

Kwa sekunde moja nilifurahi. Halafu nikaona tumbo halipandi.

Baba hakuutoa mkono. Alisema bila kugeuka, "Ema. Mama yako hakuondoka kimya."

"Najua, Baba."

"Hujui. Mimi sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa kitandani nafungua kamba za viatu. Aliita. Nikasema, ni yule panya wake. Akaita tena. Nikavua kiatu cha pili, nikalala. Nikageukia ukutani."

"Na mimi nilisikia. Nilikuwa nachana nywele."

Aligeuka akanitazama. Mwaka mzima tumekula meza moja, kila mmoja akidhani anamficha mwenzake. Hakuna aliyesema si kosa lako. Lingekuwa uongo mwingine, na tulikuwa tumechoka na ule wa kwanza.

Baadaye nilimwuliza kwa nini alitaka mnyama atolewe.

"Kila asubuhi alipokwaruza pale kwenye kona," alisema, "nilimsikia mama yako akiita."

Stima ikarudi wakati ule ule. Friza ikaanza kunguruma, na vigae vyetu vikaanza kuganda upya, vya kumlaza nani sijui.

Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya dirisha lako, ndani ya boksi la viatu. Baba alimvisha soksi mpya. Mama Pascalia alikuja na maua ya asumini, akauliza kama ile siku ya beseni ndiyo iliyomuua. Nilimwambia siyo. Hilo angalau ni kweli, na nililisema kwa sauti.

Tungependa kuandika, kama wengine wanavyoandika, kwamba majonzi yamepungua na faraja imetufikia. Haijafika. Asubuhi saa kumi na mbili nyumba imenyamaza kabisa sasa. Nafungua dirisha la nyuma kwa mazoea, kisha nasimama pale, na hakuna cha kugusa. Wote wawili tumejifunza kusoma dalili, Mama, na hakuna aliyebaki wa kusomewa.

Kaka Gedion tulimwambia Jumapili. Aliniambia kwenye simu nirudie tangu mwanzo. Kisha akasema, "Andika." Ameomba karatasi ya mazishi isahihishwe hapa, kwa wale walioisikia ikisomwa Mazeras: Dorothy Nyamvula hakuondoka kimya. Aliwaita watu wake kwa majira ya saa kumi na mbili na nusu, mara mbili, nao walikuwa karibu.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumapili hii baada ya misa ya pili, kanisani kwetu Shika Adabu. Kwaya itaimba bila sauti ya pili, kwa ombi la Baba.

Wanaokukumbuka ni mumeo, Ruwa Tinga. Mwanao Gedion na mkewe Lynnette. Ndugu zako wa Mazeras. Jirani yako Mama Pascalia, ambaye haulizi tena kitu juu ya ukuta. Na mimi binti yako Emmaculate, uliyenilea niitike na sikuitika. Abee, Mama. Hakuna siku itakayopita tusikukumbuke, na ile Alhamisi kuliko zote.

Nilimsomea Baba haya yote leo mezani, tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha. Akauliza kama bado kuna nafasi ya maneno yake. Nikamwambia ipo. Akasimama, akaenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma, ulikokuwa ukituitia, akashika mwimo kwa mkono mmoja, akasema kwa sauti, kama mtu anayeitwa kutoka upande wa pili wa nyumba:

"Naam, Nyamvula. Naam. Nimesikia."